Mtoto Aliyezaliwa Baina ya Majua

Moraa mwanangu,

Sikuulizi kama hujambo, maana nakusikia ukicheka na mama yako chumba cha pili, na mtu mwenye shida hacheki hivyo. Jua limetua sasa hivi. Msikiti wa hapa nyuma umemaliza kuadhini, taa za maduka ya Al Rigga zimewaka, na mimi nimekaa mezani na kalamu mkononi kama mtahiniwa. Kesho wakati kama huu utakuwa angani.

Mambo ya soksi nzito, pasipoti na kula vizuri mama yako ameshayasema, na atayasema tena uwanja wa ndege. Mimi nataka kulijibu lile swali lako la jana mezani. Ulisema, "Baba, huko Finland ninakokwenda jua halitui mwezi wa sita, na Desemba halichomozi. Sasa Sabato yangu nitaianza saa ngapi?" Mama yako akaniangalia. Mimi nikainamia kikombe changu cha chai kilichokuwa kimeisha, nikaendelea kunywa hewa, kisha nikasema, "Tutaona." Ukacheka, kwa sababu umeishi nami miaka yote hii na unajua "tutaona" yangu maana yake ni sijui.

Ni kweli, sijui. Ila kuna mzee mmoja aliyenifundisha jinsi ya kusema sijui bila kuona haya, na wewe mwenyewe ulikula kwenye karamu yake. Ulikuwa darasa la tano, kwa hiyo ulichobaki nacho kichwani ni keki za lozi tu. Acha nikusimulie kilichotuleta kwenye keki zile.

Wakati huo nilikuwa bado mapokezi, kwenye ile hoteli ya kwanza hapa Dubai. Mzee Nisimu alifika katikati ya wiki akiwa na sanduku dogo na kofia ya kahawia ambayo hakuivua hata ndani ya lifti. Alikuwa Myahudi, mzaliwa wa Moroko, ambaye maisha yake ya ukubwani yote aliyatumia Ufaransa akiuza vitambaa. Binti yake, Ester, alikuwa anaishi Mirdif na mume wake Simoni, na Simoni kazi yake ilikuwa ya makontena kule Jebel Ali. Ester alikuwa na mimba iliyokaribia siku zake, ya kwanza, na Mzee alikuwa amekuja kumsubiri mjukuu. Nilimuuliza kwa nini asikae kwa binti yake kwenye nyumba kubwa ile. Akasema, "Kwa mkwe mtu hunywa chai akaenda zake." Halafu akaongeza kwamba kutoka mlangoni petu hadi kliniki atakayojifungulia Ester angeweza kwenda kwa miguu. Sikuelewa kwa nini mtu mwenye uwezo wa kupanda teksi ajali jambo hilo.

Ijumaa yake ya kwanza, jua likiwa limelegea, alikuja mapokezi akaweka kadi yake ya mlango juu ya meza.

"Nitahitaji mtu anifungulie mlango kwa ufunguo wa kawaida," alisema. "Hii sitaitumia mpaka kesho usiku."

Nikadhani haijui. Wageni wengi wazee walikuwa hawazijui kadi zile. Nikamweleza taratibu, kwa sauti ile tunayowasemesha watoto: unaingiza hivi, unachomoa, taa ya kijani ikiwaka unasukuma. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote.

"Kijana wangu," akasema, "kadi naijua."

"Basi imeharibika, sir? Nikupe nyingine?"

"Haijaharibika. Ni Sabato inayoingia."

Moraa, niliona uso wangu ukipata moto. Mimi, mtoto wa Wasabato wa Nyamira! Kwetu Ijumaa mama yangu alikuwa anahakikisha ua umefagiliwa, maji yamechotwa, sufuria zimeoshwa, na jua likigusa kilima sote tumekaa sebuleni na nguo safi, tunaimba. Na sasa nilikuwa nimesimama na tai shingoni mbele ya kompyuta, kama nilivyosimama kila Ijumaa jioni tangu nifike Dubai, na aliyenikumbusha ni mgeni wa chumba cha ghorofa ya nne. Nilikuwa nimeshamweleza mchungaji wetu wa nyumbani kwa simu kwamba Mungu anaielewa hali ya huku. Mchungaji alisema, "Amina," kwa namna ambayo mpaka leo sijui alikuwa anakubali au anakata simu.

Lifti nayo Mzee hakutaka kuipanda, maana kwao kuwasha umeme au injini ni kazi, na Sabato haifanywi kazi. Nikachukua ufunguo mkuu wa chuma, tukapanda ngazi. Madam, yule meneja wetu, alitukuta mlango wa ngazi akashangaa. "Zachary, lifti imekufa?"

"Hapana, madam. Mgeni anapenda ngazi."

Kwenye ngazi zile ndiko nilikosomea. Mzee alikuwa akisimama kila ghorofa kupumua, na akisimama anaongea, kwa Kiingereza chake chenye Kifaransa ndani na Kiarabu cha Moroko pembeni. Ghorofa ya kwanza aliniuliza lugha yetu inauitaje muda. Nikamwambia tuna wakati, tuna saa, tuna zamani. Akashika ukuta akacheka. "Saa! Sisi ni shaa. Na zamani, sisi ni zman!" Nikamweleza kwamba kwetu zamani ni mambo yaliyokwisha, enzi za babu. Akatikisa kichwa. Katika lugha ya dini yao, alisema, zman ni wakati uliowekewa kitu chake: wakati wa kusali, wakati wa kufunga, wakati wa kufurahi. Haujaisha. Unakuja kukutafuta, na shauri lako ukukute nyumbani au usikukute.

Ghorofa ya pili nikamwambia Waswahili tunahesabu saa tangu jua kuchomoza, kwamba saa tatu yetu Wazungu wanaiita saa tisa. Alinitazama kama mtu aliyekutana na jirani ugenini. Wao pia, alisema. Kuna sala ya asubuhi ambayo mwisho wake ni kumalizika kwa saa ya tatu ya mchana, na saa hiyo inahesabiwa tangu asubuhi, vilevile kama yetu.

"Lakini saa yako ina dakika ngapi?" akaniuliza.

"Sitini, sir. Kama ya kila mtu."

"Yangu hubadilika. Walimu wetu wa kale waliuchukua mchana, uwe mrefu uwe mfupi, wakaugawa mafungu kumi na mawili. Wakati wa joto saa yangu inanenepa. Wakati wa baridi inakonda."

Nikamwambia huko kwetu Nyamira jua halina mchezo huo, mwaka mzima linakuja na kuondoka vilevile, ndiyo maana hatukuwahi kuligundua jambo hilo. Tukafika ghorofa ya tatu tukijadili kwa nini sisi siku tunazihesabu kutoka Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, na wao wanazihesabu kutoka Sabato, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akasema watu wote hao wamefanya jambo moja: wameshika siku yao ya ibada kama kigingi, wakafungia wiki nzima hapo. Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote, "Na wewe wiki yako umeifungia wapi?"

Tukamalizia ngazi. Nikamfungulia mlango, nikamtakia usiku mwema, nikashuka kwa lifti.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa nimebadilishiwa shifti ya asubuhi, nimechelewa kutoka, nataka kurudi nyumbani, Mzee akateremka ngazi mbiombio. Ester amepelekwa kliniki. Simoni yuko njiani kutoka Jebel Ali na barabara imefungana. Jua lilikuwa limeshuka sana, kwa hiyo Mzee hangepanda gari. Nikamwambia, "Twende, mke wangu yuko huko kazini." Na kweli mama yako alikuwa zamu ya wodi ya wazazi. Tukatembea. Nilitembea haraka kuliko yeye, halafu nikawa nasimama kumsubiri, halafu nikaona aibu nikashika mwendo wake.

Kliniki ilikuwa imejaa, hata viti havikubaki, tukasimama nje kwenye maegesho ya magari chini ya dirisha la wodi. Jua likazama nyuma ya majumba. Mzee akawa anaangalia juu.

"Nisaidie macho," akaniambia. "Nyota. Ukiona moja, bado ni leo. Ikitokea ya pili, nyamaza kwanza. Ikija ya tatu, kesho imeingia."

Sasa wewe unaijua mbingu ya mtaa wetu wa Deira, Moraa. Taa za mji zinapigana nayo, na ndege zinapanga foleni kushuka uwanjani. Niliona nyota moja juu ya tangi la maji, hiyo sikuwa na wasiwasi nayo. Halafu upande wa pili nikaona mwanga.

"Ile pale ya pili, sir."

"Inatembea?"

"Haitembei." Nikakodoa. "Sasa kama inatembea."

"Kijana wangu, nyota au ndege?"

Na papo hapo dirisha likafunguliwa juu yetu, mama yako akatoa kichwa na kofia yake ya kazi imekaa upande. "Baba Moraa! Mwambie Mzee ni mvulana! Wote wazima!"

Mimi nikaruka kama timu yangu imefunga bao. Mzee Nisimu aliangalia mbinguni kwanza, tena kwa bidii, kisha akakaa juu ya ukingo wa maua akafunika uso kwa kofia yake akalia. Sijawahi kumwona mtu akilia kwa raha namna ile. Nilipoangalia tena juu, ule mwanga wa pili ulikuwa umekwenda, au umeingia nyuma ya jengo.

Simoni alifika baadaye, tai mfukoni, akakimbia ngazi mbili mbili. Aliposhuka alikuwa anang'aa. Akamkumbatia mkwewe, akanikumbatia na mimi ambaye hakuwa ananijua vizuri. Akasema, "Ijumaa ijayo! Tohara siku ya nane, ofisi za huku zimefungwa, watu wote watakuja. Ngariba anafika Alhamisi."

Mzee akasema, "Labda."

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Kwao siku huanza jua likizama, kama Sabato yetu. Mtoto akizaliwa Ijumaa mchana, anatahiriwa Ijumaa ijayo. Akizaliwa usiku unaoingia, huyo ni wa Sabato, anatahiriwa siku ya Sabato. Lakini baina ya jua kuzama na usiku kuingia kuna kipande ambacho hakuna anayejua ni cha nani. Wanakiita baina ya majua. Aliponitajia jina hilo kwa lugha yao, neno la kwanza lilikuwa karibu baina yetu hii hii. Na mtoto wa Ester alikuwa amechagua kuja humo.

Jumamosi jioni, nyota zikiwa zimeshatoka bila ubishi, mimi na mama yako tulikwenda hotelini kumpongeza Mzee. Tukamkuta kwenye viti vya ukumbini amekaa na Simoni, na kila mmoja anaangalia upande wake. Simoni alikuwa na karatasi ya kliniki mkononi.

"Saa imeandikwa hapa," alisema. "Ilikuwa bado Ijumaa."

Mama yako akakohoa. "Sir, hiyo nimeiandika mimi, kwa saa ya ukutani. Ile saa inakimbia. Kila mtu pale anajua inakimbia, ila hakuna anayejua kwa kiasi gani."

Simoni akanigeukia mimi. Alikuwa mtu mzuri, Moraa, nataka ujue hivyo. Alikuwa amechoka tu, na ameshaalika watu, na ngariba alikuwa na tiketi ya kurudi Jumamosi iliyofuata usiku. "Zachary, ulikuwa nje. Hapakuwa na nyota, sivyo?"

Sasa mimi nilikuwa mtu wa mapokezi. Kazi yangu yote ilikuwa kumpa mgeni jibu analolitaka kabla hajamaliza kuuliza. Chumba kiko tayari? Ndiyo, sir. Teksi imefika? Inakuja, madam, inshallah. Neno sijui tulikuwa tumekatazwa kabisa, tulifundishwa hivyo siku ya kwanza. Kwa hiyo mdomo wangu ulianza wenyewe. "Ndiyo, sir, hapakuwa..."

"Baba Moraa," mama yako akasema, polepole, kwa Kiswahili. "Uliona nini?"

Nikafikiri. "Niliona moja."

"Na ya pili?"

"Ya pili ilikuwa ndege. Au nyota."

"Ilikuwa ipi?"

"Sijui," nikasema, kisha nikalirudia kwa Kiingereza ili wote wasikie. Neno lenyewe lilinitoka kwa shida kama jino.

Simoni akamwangalia mama yako. "Na wewe, sister?"

"Sir, mimi nilikuwa nimemshika mwanao kwa mikono yote miwili. Macho yangu yalikuwa kwake. Nilimfuta, nikamfunika, nikampa mama yake, ndipo nikaja dirishani. Mbingu sikuiona. Mimi pia sijui."

Nilitarajia Mzee akasirike. Akapiga makofi! Watu wa mapokezi wakageuka. "Asanteni," akasema. "Sasa tuna kitu cha kufanyia kazi." Akainuka, akampigia simu mwalimu wake wa dini huko Ufaransa, wakaongea kwa muda, tukamwona anatikisa kichwa na kucheka. Aliporudi alisema, "Jumapili."

"Jumapili?" Simoni alisimama. "Hakuna siku inayoitwa Jumapili katika maneno haya! Ni Ijumaa au ni Sabato!"

Mzee akamweka chini kwa mkono begani, akatueleza sote kama wanafunzi. Ijumaa haiwezekani, maana huenda mtoto ni wa Sabato na siku ya nane haijafika, na kabla ya siku ya nane hatahiriwi. Sabato haiwezekani, maana huenda ni wa Ijumaa na siku yake imeshapita, na Sabato haivunjwi kwa tohara iliyochelewa. Basi anapelekwa Jumapili. Watu wasiojua wamewekewa siku yao, alisema. Sheria imewafikiria.

"Na tiketi ya ngariba? Na watu niliowaalika? Jumapili huku wiki ya kazi inaanza, wote wako kazini!"

"Simoni mwanangu," Mzee akasema, "mtoto amezaliwa katikati. Tusimsukume upande mmoja kwa sababu ya tiketi."

Simoni aliiangalia ile karatasi, akaikunja, na mara mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka. "Ana siku moja duniani," akasema, "na ameshavuruga ratiba ya ofisi nzima." Basi tukacheka wote, mama yako mpaka akavua miwani.

Ngariba alikubali kubaki. Wageni wengi wa Simoni hawakuweza kuja siku ya kazi, na ndiyo sababu Mzee alisema, "Zachary, leta familia yako. Nyumba haiwezi kuwa tupu." Nikamwandikia mwalimu wako kwamba tuna shughuli ya kifamilia, na sikuona kama nimedanganya. Sasa unakumbuka? Ile nyumba ya Mirdif yenye bustani, Ester kwenye kochi na shali ya buluu, akakukalisha karibu naye. Mzee alikuwa amempakata mtoto juu ya mto. Mtoto alipolia ulifunga macho, halafu wakamdondoshea kitone cha mvinyo mdomoni akanyamaza, ukaninong'oneza, "Baba, amelewa?" Wakampa jina Meiri, mwenye kuleta mwanga. Kisha zikaletwa keki za lozi na wewe hatukukuona tena.

Ningeishia hapo ungekuwa umepata hadithi nzuri. Lakini kuna jambo Mzee aliniambia siku ile bustanini ambalo lilinifanyia kazi zaidi.

Nilikuwa namweleza, kwa kujigamba kidogo, kwamba mwezi wa Desemba nitachukua likizo, niwapeleke nyinyi wawili ufukweni Fujairah, tukae siku nyingi pamoja, nilipie jioni zote nilizokosa. Akaniuliza jioni zipi. Nikamwambia: zote. Nilikuwa naondoka hujarudi shule na kurudi umelala. Ukiniita nikuangalizie hesabu nilikuwa nasema, "Nipe dakika mbili," na dakika mbili zangu zilikuwa zinanenepa kuliko saa zake za kiangazi.

Akasema wao wana njia ya kulipia sala iliyopita. Mtu akisahau sala ya asubuhi, alasiri anasali mara mbili, moja ya sasa na moja ya ile. Lakini ni kwa ile iliyotangulia tu. Ukiacha alasiri pia, ya asubuhi imekwenda, huwezi kuzikusanya mwaka mzima ukazisali siku moja. "Siyo kwamba Mungu ni mkali," alisema. "Ni kwamba ukiruhusiwa kukusanya, utakusanya mpaka ufe." Kisha akanipa keki.

Mwanangu, hiyo ndiyo iliyoniingia. Nilikuwa mtu wa kukusanya. Nilidhani muda ni kitu nitakachokuja kukupa kwa mkupuo, likizoni, nikipandishwa cheo, tukijenga nyumbani. Nawe ulikuwa unazidi kurefuka.

Wiki ile ile nilikwenda kwa madam. Nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda mahakamani, nimefanya mazoezi ya maneno bafuni, mama yako akicheza nafasi ya madam kwa ukali usio wa lazima. Nikasema, "Madam, naomba Ijumaa jioni nisiwe kazini, na Jumamosi mchana. Nitafanya shifti nyingine yoyote." Hakuinua macho kwenye kompyuta. "Badilishana na Joseph. Yeye anataka Jumapili zake. Khalas." Basi. Nilisimama pale nikisubiri sehemu ngumu. Akasema, "Kuna kingine, Zachary?" Miaka yote ile nilikuwa nimeogopa mlango ambao haukuwa umefungwa. Fujairah tulikwenda pia, uliungua mabega, ilikuwa safari nzuri. Ila zile Ijumaa za kawaida, chapati na wimbo mmoja na wewe kubishana na mimi juu ya kila kitu, hizo ndizo zilizotufanya tujuane.

Sasa nije kwenye swali lako.

Siku Mzee Nisimu alipokuwa anaondoka, nilimsindikiza uwanja wa ndege, na kwenye foleni nikamuuliza karibu kile ulichoniuliza wewe. Je, mtu akipotea jangwani, asijue tena ni siku gani, Sabato yake anaipataje? Akafurahi kama nimempa zawadi, akasema walimu wao wa kale walibishana jambo hilo hilo. Mmoja alisema: ahesabu siku sita kuanzia alipojua kwamba amepotea, na ya saba apumzike. Wa pili akasema: hapana, aanze kwa kupumzika, ndipo ahesabu sita.

"Kwa nini wa pili alisema hivyo?" nikauliza.

Akaeleza kwamba wa kwanza alifikiria jinsi dunia ilivyoumbwa, kazi siku sita kisha pumziko. Wa pili alimfikiria Adamu. Adamu aliumbwa Ijumaa, mwishoni kabisa. Siku nzima ya kwanza aliyoamka nayo ilikuwa Sabato. Hakuwa amefanya kazi yoyote, hakuwa amestahili chochote, akapewa pumziko kwanza.

"Na sheria inamfuata nani?" nikauliza.

"Wa kwanza," akasema Mzee. "Lakini mimi nampenda wa pili." Foleni ikasogea, akavuta sanduku lake akaniambia, "Yalla, rudi kazini," na hatukuonana tena. Kadi za sikukuu alituma kwa miaka michache, na ya mwisho iliandikwa na Ester, ikisema baba yake alilala akapumzika, na kwamba Meiri anapoteza viatu kila siku.

Kwa hiyo, Moraa, sijui. Waulize Wasabato wa huko, wamo, na wameshaishi na jua hilo lisilotulia, mimi sijawahi. Labda watakuambia wanafuata saa ya ukutani, labda wanafuata mji wa kusini ambako jua bado lina adabu. Fuata watakachokuambia, na kisipokutosha endelea kuuliza. Huko kwenye masomo yako ya uuguzi kuna watu watakaokutaka uwe na jibu upesi, na siku moja utakuwa na kofia ya kazi kama ya mama yako na mgonjwa atakuuliza jambo. Usikimbilie ndiyo, sir. Sema ulichokiona, na pale usipoona sema hukuona. Watu wazima wataweza kupanga maisha yao juu ya sijui ya kweli. Juu ya ndiyo ya uongo hawawezi.

Na usinikusanyie. Usiseme utanisimulia yote ukija likizo. Ukikosa kupiga simu wiki moja, piga ijayo na uongee mara mbili, inatosha, hatutadaiana zaidi ya hapo.

Mimi pia nampenda yule mwalimu wa pili. Utafika mchovu, hujui mtu, mwili wako utakuwa umeachwa nyuma njiani. Watakupa ratiba, ramani, orodha. Ziweke mezani. Lala kwanza. Siku utakayoamka, iwe imeandikwa nini kwenye kalenda yao, iwe yako ya kupumzika. Kazi utaanza kesho yake, na hakuna mtu atakayekuwa ameibiwa.

Ukishaamka utupigie. Usituambie ni saa ngapi huko, hiyo tutaitafuta wenyewe na mama yako atakosea hesabu. Nenda dirishani, ufungue pazia, utuambie mbingu ikoje.

Baba yako akupendaye